Njaa Isiyo na Hamu: Joto la Maji na Ulaji wa Samoni

Katika Kiswahili cha vitabu vya sayansi, samaki huwekwa pamoja na chura na mjusi katika kundi la wanyama wenye damu baridi. Istilahi hiyo imezoeleka, na hapana shaka itaendelea kutumika, ila ina upungufu wake. Damu ya samaki haina ubaridi wa kudumu jinsi damu ya binadamu ilivyo na joto la kudumu. Huwa baridi maji yanapokuwa baridi, na hupata joto maji yanapopata joto. Samoni aliye ndani ya maji ya nyuzi 4 za Selsiasi ana moyo wa nyuzi 4, ini la nyuzi 4 na utumbo wa nyuzi 4; miezi michache baadaye, maji yakifika nyuzi 14, kila kiungo chake nacho kimepanda kwa nyuzi 10. Ingekuwa aula kumwita mnyama mwenye damu ya kuazima, maana joto lake lote ni mkopo na mkopeshaji ni maji. Na kama walivyo wakopeshaji wengi, maji nayo hudai riba.

Samoni anayejadiliwa hapa ni yule wa Atlantiki, samaki wa maji baridi ambaye huanguliwa mtoni, akakulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga. Mnamo mwaka wa 1970, ndugu wawili, Sivert na Ove Grøntvedt, waliwatia samoni wachanga ndani ya vizimba vya nyavu vilivyoelea baharini katika kisiwa cha Hitra nchini Norway. Jaribio lao ndilo linalotajwa kuwa mwanzo wa ufugaji wa kisasa wa samaki huyo, na leo Norway huzalisha takriban nusu ya samoni wote wanaofugwa duniani. Siri moja ya ufanisi huo ni mkondo wa maji ya joto unaovuka Atlantiki na kuipapasa pwani ya Norway, ukaizuia bahari isigande hata katika maeneo ya kaskazini kabisa. Kwa msomaji aliyezoea ngege wa Ziwa Viktoria, neno “joto” katika muktadha huu lisimpotoshe. Ngege hustawi katika maji yanayokaribia nyuzi 30, na maji yakishuka chini ya nyuzi 16 hivi huacha kula. Joto linalomfaa ngege lingemuua samoni, na baridi inayomfaa samoni ingemfanya ngege asile chochote.

Hesabu ya joto huanza kabla samaki hajawa samaki. Mayai ya samoni hayahesabiwi umri kwa siku pekee. Huhesabiwa kwa siku zilizozidishwa kwa nyuzi za joto la maji. Yai huhitaji takriban jumla ya 500 ili kuanguliwa. Maji yakiwa na nyuzi 5, mwangalizi wa mayai atasubiri siku 100. Yakiwa na nyuzi 8, atasubiri siku 62 au 63. Kwa mfanyabiashara, hesabu hii ni kishawishi kikubwa. Kwa nini asiyapashe maji moto kidogo, akapata vifaranga mapema, akawatangulia washindani wake sokoni? Wapo waliofanya hivyo, na waama vifaranga walitoka mapema. Lakini mayai yaliyoatamiwa katika maji yaliyozidi nyuzi 8 kwa muda mrefu huelekea kutoa samaki wengi zaidi wenye uti wa mgongo uliopinda na wenye kasoro za moyo. Kasoro hizo hazionekani siku ya kuanguliwa. Hujitokeza mwaka mmoja au zaidi baadaye, samaki akiwa amekwisha kula chakula cha fedha nyingi, pale anapokurupushwa na moyo ukashindwa kuustahimili msukosuko. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa haraka ya majuma matatu hulipwa na kiungo ambacho samaki atakihitaji maisha yake yote.

Baharini, joto huwa ndilo bwana wa hamu ya chakula. Katika maji ya nyuzi 4 samoni hula, lakini hula kwa uchoyo, kwa kuwa utumbo wake hufanya kazi polepole na chakula cha jana hakijaondoka. Maji yanapopanda kuelekea nyuzi 10, kisha 12, tumbo humwaga shehena yake upesi, vimeng’enya huchapuka, na samaki hurejea kwenye chakula mara kwa mara. Mgao wa siku moja katika nyuzi 12 unaweza kuwa zaidi ya maradufu ya ule wa nyuzi 4 kwa samaki wa uzito uleule. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka wa 2008 uliwagawa samoni wachanga katika maji ya nyuzi 6, 10, 14 na 18. Ukuaji ulifikia kilele karibu na nyuzi 13 kwa wale wadogo, na nyuzi 14 kwa wale waliokuwa wakubwa kidogo. Katika nyuzi 18 ukuaji ulikuwa umekwisha kushuka.

Ndiyo maana mlishaji wa samoni haanzi siku yake kwa kumtazama samaki. Huanza kwa kipimajoto. Mbele yake pana jedwali lenye safu ya uzito wa samaki na safu ya joto la maji, na pale safu hizo zinapokutana ndipo panapoandikwa asilimia ya uzito wa mwili itakayolishwa siku hiyo. Chakula chenyewe ni tembe ngumu zenye mafuta mengi, zinazosukumwa kwa hewa kupitia mabomba marefu hadi katika kila kizimba. Siku hizi mlishaji huyo huenda asiwepo hata baharini. Hukaa katika chumba nchi kavu, macho yake yakiwa kwenye viwambo vinavyoleta picha za kamera zilizozamishwa miongoni mwa samaki. Anatafuta ishara mbili tu. Je, samaki wanazipokea tembe kwa kishindo, au wanazipita? Na je, zipo tembe zinazozama hadi chini bila kuguswa? Kwa kuwa chakula huchukua takriban nusu ya gharama yote ya ufugaji, kila tembe inayozama ni fedha iliyotupwa, na isitoshe huchafua sakafu ya bahari. Kinyume chake, kuacha kulisha mapema ni kuwanyima ukuaji samaki wenye hamu. Jedwali ni mwongozo tu. Anayetoa hukumu ni samaki.

Hata kipimajoto chenyewe chaweza kudanganya, hasa katika zile ghuba ndefu nyembamba zinazopenya kati ya milima ya Norway na kuitwa fyodi. Maji ya fyodi hayana joto moja. Wakati wa baridi, tabaka la juu hupoa kwa hewa na theluji, ilhali yale ya kina cha mita kumi au ishirini hubaki na joto kidogo. Majira ya kiangazi mambo hugeuka, tabaka la juu likapata joto na la chini likabaki baridi. Samoni hukitembea kizimba chake mithili ya mtu anayehamia kivulini au juani. Huyatafuta maji yenye nyuzi zinazomridhisha na kuyahama yanayomkera. Basi mlishaji aliyepima maji ya juu peke yake anaweza kuwapangia chakula samaki ambao hawaishi katika joto hilo hata kidogo. Tembe humwagwa juu, na samaki wako chini. Kila safari ya kupanda kuchukua chakula ni safari ya kuyaacha maji anayoyapenda. Katika siku kama hizo samaki akikataa kula haimaanishi hana haja. Amepima gharama ya mlo na akaona haulipi.

Hapa ndipo lugha inapofaa kumulika sayansi. Kiswahili hutenganisha njaa na hamu. Njaa ni upungufu; ni deni la mwili linalodai kulipwa. Hamu ni utayari wa kuutia mkono katika sahani. Mgonjwa wa homa ana njaa lakini hana hamu, na kila aliyemuuguza mtu nyumbani anaifahamu tofauti hiyo bila kufundishwa. Samoni aliye katika maji ya nyuzi 4 hana vyote viwili kwa wingi: mwili unadai kidogo na mdomo unataka kidogo. Katika nyuzi 13 vyote hupanda pamoja, na huo ndio msimu wa furaha kwa mfugaji. Balaa huanza pale viwili hivyo vinapoachana.

Kila nyuzi za joto zinapoongezeka kwa 10, kasi ya shughuli za mwili wa samaki huelekea kuongezeka maradufu au zaidi. Hiyo ndiyo riba iliyotajwa hapo awali. Samaki aliyetulia tu, asiyeogelea kwa nguvu wala kukua, huunguza chakula kingi zaidi katika maji ya nyuzi 18 kuliko ya nyuzi 10, almuradi awe hai. Kwa muda fulani anaweza kuifidia gharama hiyo kwa kula zaidi. Baadaye hawezi. Watafiti wa Norway walichapisha mnamo 2012 na 2013 matokeo ya kuwaweka samoni wakubwa katika maji ya hadi nyuzi 19 kwa majuma kadhaa. Ulaji ulishuka mno, ukuaji ukadorora, na samaki wakaanza kuyatumia mafuta waliyokuwa wameyahifadhi mwilini. Ajabu ni kwamba kiwango cha grelini, homoni inayohusishwa na uchu wa chakula, kilipungua katika damu ya samaki hao. Yaani mwili uliokuwa ukiunguza zaidi kuliko wakati wowote ndio uliokuwa umejizimia hamu. Njaa ilipanda, hamu ikashuka. Chakula kilikuwepo, kimewekwa mbele yao, na kilikuwa kizuri.

Kwa nini mwili ujinyime wakati wa dhiki? Jibu moja linalokubalika limo katika pumzi. Lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 5 huweza kubeba takriban miligramu 10 za oksijeni. Katika nyuzi 20 hubeba 7 na kidogo tu. Kwa hivyo maji yanapomwongezea samaki mahitaji ya pumzi, wakati huohuo humpunguzia pumzi yenyewe. Kusaga chakula nako ni kazi inayodai oksijeni: baada ya mlo mzito, matumizi ya samoni hupanda na kubaki juu kwa saa nyingi. Samaki aliyeshiba katika maji moto ni kama mpagazi aliyebebeshwa gunia la pili akiwa katikati ya mlima.

Mfugaji mwenye uzoefu analijua hili, na uamuzi wake huwa mgumu kuliko wa mtu anayefuga kuku. Kuku wakikosa chakula siku mbili, mwenyewe hulaumiwa. Mfugaji wa samoni, katika wiki ya joto kali na maji yaliyotulia bila mkondo, hufunga bomba la chakula kwa makusudi, na kufanya hivyo ni kuwatendea hisani samaki wake. Hupoteza ukuaji, hupoteza wakati, huenda akachelewa kuwapeleka sokoni. Lakini asipofunga, anaweza kuamka na vizimba vilivyojaa samaki waliokufa. Tatizo ni kwamba hakuna jedwali linalomwambia kwa uhakika ni siku ipi hasa. Akifunga mapema mno bila sababu, hasara ni yake. Akichelewa siku moja, hasara ni yake vilevile, tena kubwa zaidi.

Ukubwa wa hasara hiyo ulidhihirika huko Newfoundland, Kanada, mwaka wa 2019. Kati ya mwisho wa Agosti na Septemba, maji ya pwani ya kusini yalibaki na joto lisilo la kawaida kwa muda mrefu. Samoni waliyakimbia maji ya juu, wakasongamana chini ya vizimba, na huko chini oksijeni ikawaishia. Walikufa takriban milioni 2.6. Walikimbilia kule ambako silika ya samoni humwelekeza wakati wa joto, yaani chini penye ubaridi, lakini wavu una sakafu. Samoni wa mwituni angeshuka zaidi au angeondoka. Huyu hakuwa na pa kwenda, na mafuta ya mizoga yake yaliyapaka maji rangi ya waridi.

Kusini mwa dunia, kisiwa cha Tasmania nchini Australia kimekuwa kikifuga samoni wa Atlantiki tangu miaka ya 1980, kikiwa karibu kabisa na ukingo wa joto ambao samaki huyo anaweza kuuvumilia. Bahari iliyo mashariki mwake ni miongoni mwa zile zinazopata joto upesi kuliko nyingi duniani. Kati ya 2015 na 2016, wimbi la joto baharini lilidumu kwa siku 251, na lilipofikia kilele maji yalikuwa juu ya kawaida kwa nyuzi 2.9. Mwanzoni mwa 2025 samoni zaidi ya milioni moja walikufa kusini mwa kisiwa hicho, wakiandamwa na bakteria waliostawi katika samaki waliodhoofishwa na maji ya kiangazi, na vipande vya samaki pamoja na mabonge ya mafuta vikasukumwa ufuoni ambako watu huenda kuogelea. Ni vigumu kulieleza jambo hilo kuwa ajali. Mfugaji anayefugia ukingoni huishi kwa kutegemea kwamba ukingo hautasogea.

Haifai kudhani kwamba baridi ndiyo salama. Miaka ya mwisho ya 1970 ugonjwa wa bakteria ulizuka katika vizimba vya Hitra, kisiwa kilekile cha ndugu wawili, hata ukaitwa ugonjwa wa Hitra. Ulikuwa ugonjwa wa maji baridi, na ulipungua pale tu chanjo ilipopatikana. Vidonda vya majira ya baridi bado huwasumbua samoni wa kaskazini. Na yakishuka chini ya takriban nyuzi 0.7 chini ya sufuri, maji ya bahari huwa bado hayajaganda lakini damu ya samoni huganda. Ndivyo walivyokufa samaki wengi huko Nova Scotia, Kanada, mapema mwaka wa 2015. Hata sheria zimelazimika kufuata kipimajoto. Nchini Norway, chawa wa samoni, wanaozaana haraka zaidi katika maji ya joto, huhesabiwa kila baada ya siku 7 maji yakiwa na nyuzi 4 au zaidi, na kila baada ya siku 14 yakiwa chini ya hapo.

Kwa Kenya, habari hizi haziko mbali kama zinavyoonekana. Mwaka wa 1905 samaki wa jamaa ya samoni, yule aitwaye trauti, aliletwa kutoka Scotland na kutiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Hakutiwa Athi wala Tana ya chini, kwa kuwa angekufa. Alipandishwa hadi penye maji yanayotoka kwenye vilele. Tangu hapo trauti wa Kenya ni samaki wa mlimani, na kituo cha Kiganjo, katika Kaunti ya Nyeri, hulea vifaranga vyake kwa maji ya mto utokao Mlima Kenya. Kila yasemwayo hapa kuhusu hamu, pumzi na riba ya joto yanamhusu huyo pia. Mito ikipungua maji wakati wa kiangazi na misitu ya kandokando ikifyekwa, jua hufika majini, na mstari ambao trauti anaweza kuishi juu yake husogea kuelekea kileleni. Kadiri unavyosogea, ndivyo mto unavyozidi kuwa mfupi. Kuhusu pumzi, wafugaji wa ngege upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria nao walionja mwishoni mwa 2022, pale maji yenye oksijeni haba yalipopanda kutoka vilindini na kuua samaki wengi vizimbani. Samaki ni tofauti, maji ni tofauti, lakini wavu ulikuwa na sakafu ileile.

Wafugaji wa samoni hawajakaa mikono mifukoni. Wapo wanaozamisha vizimba ili samaki akae katika tabaka la ubaridi, lakini samoni hukijaza kibofu chake cha hewa kwa kupanda juu na kumeza hewa. Asipopata nafasi hiyo kwa majuma mengi, huogelea kichwa juu mkia chini na hula kidogo. Baadhi ya vizimba hivyo vimewekewa kuba la hewa chini ya maji. Wapo wanaowafugia nchi kavu katika matangi ambamo joto huamuliwa kwa swichi, kwa gharama kubwa ya umeme. Huko nako, maji yakipashwa moto ili ukuaji uharakishwe, madume wengi huelekea kubaleghe mapema, na chakula kilichokusudiwa kuwa minofu kikaishia katika mbegu za uzazi. Wengine huwalisha alfajiri, kabla jua halijapanda, na kupuliza oksijeni ndani ya vizimba wakati wa joto. Katika vituo vingi, kipimajoto sasa kina mwenzake: kipimo cha oksijeni kilichoning’inizwa kwenye kina waliko samaki, na nambari zake husomwa kwanza, kabla bomba la chakula halijafunguliwa.